AFICHUAYE ASHITAKIWE, AFICHAYE AACHWE?

Ndugu Wanachama,

Wako wasemao kwamba mtu achapishaye siri za Serikali hana budi kupelekwa mahakamani, na kwamba kila amteteaye haitakii nchi mema. Sisi twajibu: na itazamwe kwanza siri yenyewe ni ya nani, na ikijulikana yamdhuru nani.

Huko Mwakitolyo, mkoani Shinyanga, wachimbaji wadogo huitafuta dhahabu kwa sururu na jasho. Wao ndio wakaao juu ya mali, na wao ndio wa mwisho kujua mikataba ya mali hiyo yasemaje. Katika nchi hiyo hiyo ya dhahabu, Bulyanhulu, wachimbaji wadogo waliondoshwa kwa nguvu Agosti 1996, yakazuka madai kwamba wamo waliofukiwa mashimoni wangali hai. Serikali na kampuni zilikana. Wanasheria wa LEAT wakakusanya ushahidi, wakautangaza, wakataka uchunguzi huru. Uchunguzi huo hawakupewa. Walichopewa ni polisi kuipekua ofisi yao Dar es Salaam Novemba 2001. Na mwaka 2002 Rugemeleza Nshala, Tundu Lissu na Augustine Mrema, Mwenyekiti wa TLP, wakashitakiwa kwa uchochezi.

Twauliza: ikiwa khabari zile zilikuwa uwongo, mbona haikuundwa tume huru ikaufukua uwongo huo mbele ya watu? Shitaka la uchochezi haliulizi kama shimoni mna maiti. Lauliza kama mtawala amechukizwa.

Tazameni na Buzwagi. Februari 2007 Waziri Nazir Karamagi alitia saini mkataba wa mgodi huo mjini London, mbali na macho ya Bunge. Zitto Kabwe alipolihoji jambo hilo, Agosti mwaka ule ule, Bunge likamsimamisha. Kufika Novemba, Rais Kikwete akamteua katika kamati ya Jaji Mark Bomani ya kuitazama upya sekta ya madini. Mkosaji wa Agosti akawa mshauri wa Novemba! Kosa lilikwenda wapi?

Hatusemi mchapishaji yu juu ya sheria. Akianika mahali jeshi lilipojipanga, au akimtaja shahidi akamtia hatarini, na ashitakiwe, katika mahakama ya wazi, na apewe nafasi ya kueleza umma umefaidi nini. Lakini mkataba wa mali ya umma si siri ya vita. Mwenye shamba hafichwi hesabu ya karafuu zake.

Wala msidhani haya ni ya Bara peke yake. Oktoba 2018 Serikali ya Zanzibar ilitiliana saini na RAK Gas mkataba wa mafuta na gesi katika bahari yetu. Yakipatikana, karatasi ile ndiyo itakayosema fungu la Mpemba na Muunguja ni lipi.

Basi twadai mawili: kila mkataba wa mali ya umma uchapishwe, neno kwa neno, kwa Kiswahili, na asishitakiwe mtu kwa kuwaonyesha wananchi kilicho chao. Matawi yote na yalijadili neno hili.