Zana Ikae Mkononi mwa Mtoto

Katika vyuo vyetu vya ualimu hakuna neno linalotajwa mara nyingi kuliko neno zana, wala hakuna linaloeleweka nusunusu kama hilo. Mwanachuo anapokaribia mazoezi ya kufundisha, hupatwa na wasiwasi wa mambo mawili: andalio la somo na zana. Andalio hulimaliza kwa kalamu na karatasi. Zana humpeleka dukani. Hapa Tegeta, kando ya Barabara ya Bagamoyo, hazikosekani chati za plastiki zenye herufi, tarakimu, wanyama na viungo vya mwili. Mwanachuo hutoa fedha ya nauli au ya chakula, akanunua chati moja au mbili, akazitundika ukutani, na somo likapita.

Hatusemi kwamba chati ni kitu kibaya. Tunasema kwamba chati iliyotundikwa ukutani katika darasa la wanafunzi 90 ni zana ya mwalimu peke yake. Aketiye mbele huiona. Aketiye nyuma huona rangi tu. Na wote wawili hawaigusi. Mtoto wa Darasa la Kwanza haielewi kumi kwa kuitazama. Huielewa kwa kuihesabu, kuifunga, kuifungua na kuigawa. Kwa hiyo maoni yetu ni haya: thamani ya zana haipimwi kwa bei yake wala kwa uzuri wake, bali kwa idadi ya mikono inayoishika na kwa kazi inayofanywa na mikono hiyo. Na kwa kuwa mikono ni mingi na fedha ni chache, zana iliyofaraguliwa kwa vitu visivyonunuliwa isihesabiwe kuwa zana ya dharura. Ndiyo inayostahili kufikiriwa kwanza.

Fikra hii haikuzaliwa leo. Mwezi Machi 1967 Mwalimu Julius Nyerere alipotoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule isitengane na maisha ya wananchi wanaoizunguka. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaharakisha elimu ya msingi kwa wote, na ilipofika mwaka 1977 watoto walikuwa wameandikishwa kwa wingi usiolingana na majengo wala vitabu. Walimu wengi wa siku hizo walifundisha kuhesabu kwa mawe na mbegu, na kuandika kwa kidole mchangani.

Wala si kwetu tu. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, shule nyingi katika nchi zilizoharibiwa hazikuwa na vifaa vya sayansi. UNESCO ikatoa kijitabu cha mashauri kwa walimu wa nchi hizo, na kijitabu hicho kikakua hata kikawa kitabu kikubwa kilichotolewa mwaka 1956, kinachoeleza jinsi ya kutengeneza vifaa vya sayansi kwa vitu vya kawaida. Huko India, mhandisi Arvind Gupta aliacha kazi ya kiwandani kwa muda mwaka 1978, akaenda kusaidia ufundishaji wa sayansi katika shule za vijijini za Hoshangabad. Huko akaanza kuunda maumbo ya jometri kwa njiti za kiberiti zilizounganishwa kwa vipande vya mpira mwembamba wa valvu ya baiskeli. Hakuuliza shule inahitaji kununuliwa nini. Alitazama ni nini kilichopo sokoni na majalalani mwa mahali pale.

Swali hilo hilo hatuna budi kujiuliza hapa. Tegeta hutupa nini? Tegeta ipo chini ya kilima cha Wazo, penye kiwanda cha saruji kilichoanza uzalishaji mwaka 1966, na kila mtaa wake una nyumba inayojengwa. Penye ujenzi pana mifuko mitupu ya saruji. Mifuko mingine siku hizi hufumwa kwa nyuzi za plastiki, nayo haifai kwa kazi hii. Lakini ile ya karatasi ya kaki ina tabaka zaidi ya moja, na kila tabaka likipasuliwa hutoa karatasi pana, ngumu, isiyochanika upesi. Kwa karatasi hiyo hutengenezwa chati, kadi za silabi, mistari ya namba na majalada ya madaftari. Hapa pana tahadhari isiyopuuzwa: vumbi la saruji hudhuru macho na mapafu, na likilowa huunguza ngozi. Mfuko ukung'utwe na mwalimu mwenyewe, nje, mbali na watoto, kisha ufutwe kwa kitambaa kikavu kabla ya kuingizwa darasani.

Tegeta hutupa vizibo vya soda. Tuchukue darasa lile la wanafunzi 90. Tukiwapanga wawili wawili tutapata jozi 45, na tukitaka kila jozi iwe na vizibo 20 vya kuhesabia, twahitaji vizibo 900. Kreti moja ina chupa 24. Basi makreti 38 yanatosha, na vizibo vichache vikabaki akiba. Ukumbi mmoja wa sherehe waweza kutoa kiasi hicho katika siku chache, mradi mwalimu azungumze mapema na anayefagia, kwa heshima, na kumwachia gunia. Vizibo vioshwe, na kingo zake zigongwe kwa nyundo zilale bapa, zisije zikawakata watoto.

Tegeta hutupa trei za mayai. Trei ya kawaida ina vishimo 30, yaani safu 5 zenye vishimo 6. Mwanafunzi akiweka kokoto moja katika kila kishimo, akahesabu safu kwa safu, hupata 5 mara 6. Akiigeuza trei upande wa pili, hupata 6 mara 5, na kokoto hazikuongezeka wala kupungua. Jambo ambalo kwa maneno hukaririwa bila kueleweka, hapa mtoto huliona kwa mgeuzo mmoja wa mkono. Mwenye kujua bao atafanya vivyo hivyo: mashimo 32, safu 4 za mashimo 8, na kete 64 zinazogawanyika mbilimbili katika kila shimo.

Tena upo mnazi, rafiki wa zamani wa mwalimu wa pwani. Kifuu kikikatwa nusu kwa nusu, nusu zote mbili zikaning'inizwa kwa kamba kwenye ncha mbili za mti mwembamba, tayari tuna mizani, na vizibo ndiyo mawe yake ya kupimia. Ufagio wa chelewa uliochakaa, njiti zake zikikatwa vipande vya urefu wa kidole, hufundisha makumi na mamoja kuliko chati yoyote. Mtoto hufunga njiti kumi kwa uzi: hiyo ni kumi moja. Akiambiwa atoe 17 katika 32, huweka mafungu matatu na njiti mbili. Saba haitoki katika mbili. Basi hufungua fungu moja, akabaki na mafungu mawili na njiti kumi na mbili. Akaondoa fungu moja na njiti saba. Likabaki fungu moja na njiti tano. Kile tunachokiita kukopa, ambacho huwaliza watoto wengi mbele ya ubao, kumbe ni kufungua uzi tu.

Yafaa ikumbukwe kwamba zana hizi hazitengenezwi na mwalimu usiku chumbani mwake ili mwanafunzi azikute asubuhi zimepambwa. Mwanachuo anayekesha akipaka rangi amejichosha kwa kazi ambayo ilikuwa sehemu ya somo. Waacheni watoto wakate njiti, wazihesabu na wazifunge. Kipimo chetu ni chepesi: zana ikipotea, je, mwanafunzi aweza kutengeneza nyingine? Akiweza, ameelewa zana na ameelewa somo.

Hata hivyo, ubanaji matumizi una hatari zake mbili, nasi hatutaki wanachuo wetu waingie kazini bila kuzijua.

Hatari ya kwanza ni kuhamisha mzigo kutoka mfukoni mwa mwalimu hadi mfukoni mwa mzazi. Tangu Januari 2016 elimu ya msingi nchini hutolewa bila ada, na michango ya lazima ilikatazwa. Lakini mwalimu anapoagiza kila mtoto alete kesho gundi, kadi ya manila na vizibo hamsini, naye asiyeleta asimame nje, huo ni mchango wa lazima uliovaa vazi la zana. Mama auzaye mihogo ya kukaanga barabarani hana tofauti ya kuombwa shilingi na kuombwa vitu vinavyonunuliwa kwa shilingi. Vitu viokotwe na darasa kwa pamoja, viwekwe pamoja, na viwe mali ya darasa. Mtoto aliyekuja mikono mitupu apewe njiti zile zile alizopewa mwenzake, bila neno. Hata gundi haina haja ya kununuliwa: uji mzito wa unga wa muhogo hushika karatasi barabara, ila kazi iliyogandishwa kwa uji ihifadhiwe ndani ya debe lenye kifuniko, kwa sababu mende na panya huipenda.

Hatari ya pili ni kuigeuza hekima hii kuwa kisingizio. Njiti na vizibo havichukui nafasi ya kitabu cha kiada, wala ya dawati, wala ya mwalimu wa pili katika darasa lililofurika. Mtu akisema kwamba mwalimu hodari hahitaji kupewa kitu kwa kuwa aweza kufaragua kila kitu, huyo hasifu uhodari, bali anakwepa wajibu. Mwanafunzi hawezi kujifunza kusoma kitabu ambacho hakipo. Kwa hiyo tufundishe kwa vilivyopo, na papo hapo tuendelee kuomba, kwa maandishi na kwa njia zinazostahili, vile visivyookoteka.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Chati ya dukani ni msala upitao: hufika na mwanachuo na huondoka naye mazoezi yakiisha. Mafungu ya njiti yaliyofungwa na watoto wenyewe hubaki darasani, na mwalimu wa darasa huendelea nayo muhula ujao.

Tunawasihi basi wanachuo watakaokwenda mazoezini kwamba, kabla ya kutoa fedha, watenge alasiri moja tu. Waizunguke shule waliyopangiwa, wapite kwa mafundi wanaojenga, kwa muuza mayai, kwa mwangalizi wa ukumbi, wawaamkie wakubwa, wajitambulishe, waombe. Watarudi na gunia lisilo na bei, na pamoja nalo watakuwa wamejuana na wazazi wa watoto watakaowafundisha. Ile fedha ya chati waile chakula. Mwalimu mwenye njaa hafundishi vizuri.