Uso Unaobanduka Magamba: Cha Kuacha Kabla ya Cha Kupaka

Kiangazi kinapokolea, kati ya Juni na Septemba, upepo wa kusi hulipiga Ziwa Tanganyika na kufika Ilagala, pale ambapo mto Malagarasi unakaribia kuingia ziwani. Ni miezi ya kazi. Wanawake hugeuza dagaa juani tangu asubuhi hadi alasiri. Wengine hukaa mbele ya moto wa kuchemshia mawese. Wavuvi hurejea alfajiri baada ya usiku mzima wa upepo na mnyunyizo wa maji. Katika miezi hiyo hiyo nyuso nyingi hukauka: mashavu hupauka, ngozi hubana mtu anapocheka, na magamba membamba hubanduka kandokando ya pua na mdomo.

Mtu anapofika kituo cha afya au duka la dawa muhimu akiwa na uso wa namna hiyo, swali lake huwa moja: apake nini? Ni swali la haki, lakini katika mpangilio sahihi wa tiba ni swali la tatu. La kwanza ni nini anachopaswa kukiacha. La pili ni kama huo ni ukavu mtupu au ni ugonjwa uliovaa sura ya ukavu. Mhudumu anayelijibu la tatu kabla ya mawili yaliyotangulia humwondoa mgonjwa akiwa na kopo mkononi huku chanzo cha tatizo kikimsubiri nyumbani, kwenye kibao cha sabuni.

Ili kuelewa sababu, inafaa kuitazama ngozi kama fundi anavyoitazama boti ya mbao. Mbao pekee hazizuii maji; kinachoyazuia ni kalafati, yaani pamba na mafuta yanayosindiliwa katika viungo vya mbao. Tabaka la nje la ngozi limejengwa kwa mfano huo. Seli zake bapa zilizokufa ni mbao, na mafuta ya asili yaliyo kati yake ndiyo kalafati. Tofauti ni kwamba katika boti hofu ni maji kuingia, ilhali katika uso hofu ni maji kutoka. Kalafati ikiondolewa, unyevu wa mwili hupotelea hewani. Seli zilizopaswa kuachana moja moja bila kuonekana hushikamana, kisha hubanduka kwa vipande. Vipande hivyo ndivyo magamba.

Kinachoiondoa kalafati hiyo mara nyingi ni sabuni. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, pH yake ikiwa takribani 5. Sabuni halisi, iliyotengenezwa kwa kuchanganya mafuta na magadi makali, huwa na pH ya 9 hadi 10. Maji ya Ziwa Tanganyika yenyewe hukaribia pH ya 9, na madini yaliyomo hushikana na sabuni na kuacha utando juu ya ngozi. Anayeoga ziwani na kujisugua uso kwa sabuni mara mbili au tatu kwa siku huwa anaing'oa kalafati yake kila siku kabla haijapata muda wa kujijenga upya.

Hapa hapana budi kuyataja magwanji, sabuni za kienyeji zinazotokana na zao la mchikichi, ambalo ni fahari ya Kigoma na kipato cha kaya nyingi. Wapo watakaosema kwamba sabuni hizo zimetumika kwa vizazi na hazikumdhuru mtu. Hoja hiyo ina uzito, na haifai kujibiwa kwa dharau. Ngozi hazifanani. Kijana mwenye uso wa mafuta anaweza kuoga kwa sabuni hiyo miaka mingi bila shida. Mama wa miaka 55, ambaye ngozi yake imepunguza mafuta kwa umri, hawezi kuwa na hali ileile, wala mtoto mwenye pumu ya ngozi. Tena mafuta ya mise, yatokanayo na kokwa ya chikichi, yana kwa wingi asidi ya lauriki, na sabuni ya asidi hiyo hutoa povu jingi na hukata mafuta kwa nguvu. Sifa inayoifanya ipendwe kwa vyombo na nguo ndiyo inayoifanya iwe kali kwa uso uliokwisha kukauka. Hakuna anayetakiwa kuitupa; inatosha isiguse uso kwa muda.

Kipimo chake hakihitaji maabara. Uso ukibana dakika chache baada ya kunawa, kabla ya kupakwa chochote, sabuni hiyo ni kali mno kwa uso huo. Kwa wengi, tiba ya mwanzo ni kunawa kwa maji matupu asubuhi, na jioni kutumia sabuni laini isiyo na manukato, kidogo tu, kwa mkono na si kwa dodoki. Maji ya moto yaachwe, na magamba yasisuguliwe, kwa maana kuyasugua ni kuzing'oa mbao ambazo bado zimeshika.

Swali la pili ndilo linalohitaji jicho la mhudumu. Si kila gamba ni ukavu. Magamba yenye umanjano na unyevunyevu wa mafuta, yaliyokaa kwenye mikunjo ya pua, nyusi na mpaka wa nywele, mara nyingi ni mba ya usoni. Katika ngozi nyeusi huweza kuonekana kama mabaka yaliyofifia rangi. Doa la duara lenye ukingo ulioinuka na kati kunakopona ni dalili ya choa. Mabaka meupe yasiyo na mpaka dhahiri kwenye mashavu ya mtoto mara nyingi hayana hatari, na huisha taratibu kwa kulainishwa ngozi. Lakini baka lililofifia na lililopoteza hisia, lisilosikia mguso wa uzi wa pamba, lisiitwe ukavu hata siku moja: hilo lichunguzwe kwa ukoma, ugonjwa unaotibika na ambao dawa zake hutolewa bure. Naye mtu mwenye ualbino akiwa na gamba gumu usoni lisilopona, au kidonda kinachorudi mahali palepale, apewe rufaa mapema, kwa kuwa jua huweza kuwa limekwisha kuanzisha njia ya saratani. Kwake yeye kofia pana na mafuta ya kujikinga na jua ni tiba. Chuo cha kanda cha magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi, ambacho kimefundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992, kinajulikana pia kwa kazi hiyo ya kuwakinga watu wenye ualbino.

Mba ya usoni inastahili maneno zaidi, kwa sababu ndiyo inayochanganywa zaidi na ukavu, na kosa lake hujizidisha. Husababishwa kwa sehemu na hamira iitwayo Malassezia, inayoishi kwenye ngozi ya kila mtu na kula asidi za mafuta. Mgonjwa anapoona magamba, hudhani uso unadai mafuta, akaupaka mawese, mise au mafuta ya nazi. Kwa siku mbili magamba hulainika na kutoonekana. Kisha hurudi kwa wingi zaidi, kwa maana hamira imelishwa. Anachohitaji huyu ni dawa ya fangasi ya kupaka, kama ketokonazo, kwa muda atakaoelekezwa. Aidha, mba ya usoni inapokuwa kali, imeenea, au haisikii dawa, mhudumu ampe nafasi ya kupima VVU, kwa kuwa kinga inaposhuka mba hii huzidi. Ushauri huo utolewe faraghani na bila kukisia, maana wengi wenye mba hawana VVU, na katika kijiji ambako kila mtu anamjua mwenzake, neno moja la kizembe hutangulia kufika nyumbani kabla ya mgonjwa mwenyewe.

Maswali hayo mawili yakishajibiwa, la tatu huwa jepesi, na jibu lake ni la bei nafuu kuliko wengi wanavyodhani. Kwa ukavu wa kawaida, mafuta ya mgando yasiyo na manukato yanashindana na krimu za bei mara kumi zaidi. Yanakaa juu ya ngozi na kuzuia maji yasitoke, na kwa kuwa yanatokana na petroli, hayailishi hamira. Siri iko katika wakati wa kupaka: ndani ya dakika tatu baada ya kunawa, uso ukiwa bado na unyevu, kiasi cha punje ya harage kikitandazwa mpaka king'ao kipungue. Yakipakwa juu ya uso mkavu, hufungia ukavu wenyewe ndani. Anayechukizwa na king'ao au vumbi la njiani anaweza kuyapaka usiku, na mchana kutumia losheni nyepesi isiyo na harufu. Glisirini nayo husaidia, mradi ichanganywe na maji na isipakwe ikiwa nzito, kisha ifunikwe kwa mafuta. Anayependelea mafuta ya mimea, na ambaye hana mba, atapata unafuu zaidi kwa ya alizeti kuliko ya zeituni, ambayo asidi yake ya oleiki huilegeza kalafati ya ngozi. Palipo na magamba mazito, krimu ya urea ya asilimia 5, iliyomo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu, huyalainisha, ingawa huweza kuwasha kwenye ngozi iliyopasuka.

Hatari kubwa haimo katika bidhaa hizo. Imo katika vikopo vinavyoahidi uso laini na mweupe kwa wiki moja. Vingine ni mkorogo uliochanganywa dukani. Vingine huingia kwa njia ya ziwa na maandishi ya lugha ambayo mnunuzi haisomi. Vingi vya aina hii vina steroidi kali kama klobetasoli, au haidrokwinoni, au zebaki. Steroidi hutuliza magamba kwa siku chache, na hapo ndipo mtego ulipo: mtumiaji huamini amepata dawa. Miezi inapopita, ngozi ya uso hukonda, mishipa huonekana, chunusi hutokeza, na kila anapojaribu kuacha uso huwaka na kumrudisha kwenye kopo. Zebaki huingia mwilini na kudhuru figo. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Minamata unaodhibiti zebaki, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi nchini uko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Sheria ipo, lakini mlinzi wa mwisho ni mtu aliyesimama mbele ya kaunta: mnunuzi anayekataa kopo lisilo na orodha ya viambato, na muuza dawa anayekataa kuuza krimu ya steroidi kama kipodozi.

Wahudumu wa afya nao hawawezi kujitoa katika lawama hii. Si mara chache steroidi ya kwanza ya mgonjwa huanzia kwenye cheti, imeandikwa kwa haraka kwa ajili ya "upele wa usoni", bila siku ya kuacha na bila jina la ugonjwa. Haidrokotisoni ya asilimia 1 ina nafasi yake katika pumu ya ngozi, kwa siku chache na chini ya uangalizi. Nafasi hiyo ni finyu, na kuipanua ni kumfundisha mgonjwa njia ya mkorogo.

Itasemwa kwamba foleni ni ndefu na mgonjwa aliyetembea kutoka ng'ambo ya Malagarasi hataridhika kuambiwa abadili sabuni. Ugumu huo ni wa kweli. Hata hivyo, maswali matatu hayamalizi dakika mbili. "Mama, unanawa uso kwa sabuni gani, na mara ngapi kwa siku? Umeshapaka nini tangu hali hii ianze? Je, hapa nikigusa unasikia sawa na hapa?" Mama anayekausha dagaa akiulizwa hivyo atajua kwamba amesikilizwa, na ushauri wa kuacha atauchukua kama tiba. Asipoulizwa, ataona amenyimwa dawa, na atakwenda kuitafuta mahali ambapo haulizwi mtu kitu.

Aidha, haki ya mgonjwa masikini imo katika mpangilio huu. Fedha ya kopo la krimu kwa kaya ya Ilagala ni fedha ya daftari au ya kitoweo. Mhudumu anayemwambia aanze kwa kupunguza, kisha anunue kopo dogo la mafuta ya mgando, humlinda mfuko pamoja na ngozi.

Tabaka la nje la ngozi hujijenga upya kwa takribani wiki nne, na muda huo ndio anaopaswa kupewa mgonjwa mwenye ukavu wa kawaida kabla ya kubadilisha lolote. Uso ukipona, atajua kilichokuwa kikimdhuru. Usipopona, arudi kituoni, si dukani, kwa kuwa hapo uso wake utakuwa umesema kwamba haukuwa ukavu tangu mwanzo.