Uvimbe ukiisha, muchango usiishe

Wandugu na wadada wa Mabalako, Mangina, Oicha, Beni na Butembo,

Wengi wenu mumeisha kuona ile picha ku WhatsApp. Mutoto wa miaka sita ao saba, shavu moja limevimba mpaka meno yamelegea. Chini yake kuna namba ya Airtel Money na maneno mafupi: "Tusaidieni, mutoto anaenda Kampala." Mumoja anatuma franga 2 000, mwingine dola 5, mwingine anaandika "Mungu ni mukubwa" na anapita. Siku tatu nyuma, picha imefunikwa na mazungumuzo mengine, na tunasahau.

Leo tunataka kusema juu ya kile kinachofuata nyuma ya ile picha. Sisi wenyewe tulipita mule, na tulikosea karibu mutoto akufe.

Katika mutaa wetu, mutoto wa jirani alianza kulia jino. Wakamung'oa jino. Uvimbe ukaongezeka. Wakamung'oa la pili. Kisha maneno ya jirani yakaanza: amelogwa, shamba la kakao la baba yake linaleta wivu. Na kwa sababu hapa ni Mabalako na hakuna mutu amesahau 2018, wengine wakaanza kukwepa ile nyumba. Watoto wakakatazwa kucheza naye. Wiki tatu zikapotea hivyo. Muuguzi mumoja wa kituo cha afya ndiye alimuangalia vizuri mudomoni, akamuambia mama: "Hii hapana jino. Mupelekeni mbio, musingoje soko ya juma ingine."

Ugonjwa ule unaitwa limfoma ya Burkitt. Ni kansa ya watoto, na inajulikana sana katika ukanda wetu huu wa joto, mvua na malaria. Denis Burkitt, munganga wa upasuaji aliyefanya kazi Mulago, Kampala, aliandika juu yake mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari la zamani wakasafiri karibu kilometa 16 000 kwa wiki kumi, toka Uganda kuelekea Afrika ya Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali kama wanaona watoto wenye taya limevimba hivi. Mwaka 1964, Epstein, Achong na Barr walitangaza kwamba wameona virusi ndani ya seli za uvimbe ule. Virusi hiyo karibu kila mutu anaibeba bila kujua. Lakini kwa mutoto ambaye malaria inamupiga kila mara toka uchanga, mwili unachoka kuizuia, na kansa inaweza kupata njia.

Kwa hiyo tuseme wazi, kwa wale waliokataza watoto wao kucheza naye: kansa haiambukizi. Huwezi kuipata kwa kumubeba mutoto, kula naye sahani moja ao kulala naye kitanda kimoja. Akitapika na nywele zake zikianguka, ile ni dawa inafanya kazi. Hapana uchawi, hapana Ebola.

Ugonjwa huu uko na tabia mbili za kukumbuka. Ya kwanza, unakimbia. Uvimbe unaweza kuongezeka kwa siku chache tu, ndiyo maana wiki tatu za kung'oa meno ni wiki tatu za hatari. Ya pili, unasikia dawa haraka. Dawa zenyewe, kama siklofosfamidi, vinkristini na metotreksati, ni za zamani, zimetumika miaka mingi. Taasisi ya Kansa ya Uganda, pale Mulago, ilianza mwaka 1967 juu ya watoto wa namna hii, na pale wengi walipona. Katika nyakati zile wazazi wetu walikuwa hata hawajazaliwa.

Basi mutego uko wapi? Mutego uko ndani ya ile habari njema.

Mutoto wa jirani alifika Kampala, akachomwa dawa ya kwanza. Kwa siku chache shavu likashuka. Mama akatutumia picha: mutoto anacheka, anakula. Tulifurahi kama tumeshinda uchaguzi. Kulikuwa misa ya shukrani. Na groupe ikanyamaza.

Lakini ile dawa inatolewa kwa mizunguko. Mutoto anachomwa, anapumuzika wiki mbili ao zaidi, damu inajijenga, anachomwa tena, mara nyingi mpaka mara sita. Uvimbe unaisha kwa macho, lakini seli mbaya zinabaki zimejificha. Ukikata dawa katikati, zinarudi, na mara hii hazisikii kama mwanzo.

Sisi hatukujua. Muchango wa kwanza ulijaa kwa siku nne. Wa pili ulichukua wiki mbili. Wa tatu haukufikisha hata tiketi ya basi toka Kasindi mpaka Kampala. Mama alikuwa amerudi nyumbani kuona watoto wengine wane aliowaacha kwa bibi yao. Baba alitaka kuuza kakao, lakini shamba lake liko upande ambako watu wanachinjwa, hakuna anayethubutu kwenda kuvuna. Mjomba, mutu mwenye busara, akauliza: "Mutoto ameisha pona, munarudia Kampala kufanya nini tena?" Na sisi wote tuliona swali lake ni la akili. Tarehe ya munganga ilipita. Siku kumi na moja zikapita juu yake.

Mutu aliyeamusha watu ni dereva mumoja wa moto. Aliandika ku groupe usiku: "Yule mutoto wa shavu, alirudia Kampala lini?" Hakuna aliyejibu. Asubui akaenda mwenyewe nyumbani kwao, akamupigia simu munganga mbele ya mama. Munganga alikasirika, halafu akaeleza. Siku ile ile tukaanza tena kukotiza, nyumba kwa nyumba, bila picha yoyote ya kuhurumia, kwa sababu mutoto alikuwa anaonekana muzima. Ile ndiyo ilikuwa kazi ngumu: kuomba franga juu ya mutoto anayecheza mupira.

Alimaliza dawa. Leo yuko darasani. Lakini mama yake anatuambia kwamba kulikuwa mutoto mwingine wa upande wetu katika chumba kile kile Kampala, kitanda cha pembeni. Shavu lake pia lilishuka. Familia yake iliondoka kufuata franga, na kitanda kikachukuliwa na mwingine. Hakuna aliyewaona tena.

Hili ndilo tunataka kusema: watoto wetu hawakosi mapendo. Raia wa hapa, hata aliyekimbia vita na kulala kwa watu, anatoa. Wanachokosa ni mutu wa kuhesabu tarehe, na serikali ya kubeba ile sehemu ambayo muchango hauwezi kubeba.

Shirika la Afya Duniani linasema kila mwaka watoto na vijana karibu 400 000 wanapata kansa. Katika inchi tajiri, zaidi ya asilimia 80 wanapona. Katika inchi nyingi za maskini, hawafiki asilimia 30. Mwaka 2018 shirika hilo liliweka lengo: ikifika 2030, angalau asilimia 60 ya watoto wenye kansa duniani wapone. Na likataja mambo yanayoua watoto wa inchi maskini: ugonjwa kutambuliwa kuchelewa, dawa kukosekana, na matibabu kuachwa katikati. Sisi hatukuhitaji ripoti. Yote tuliyaona katika nyumba moja.

Mwaka ule ule wa 2018, tarehe 1 Agosti, Ebola ilitangazwa hapa kwetu, katika zone de santé ya Mabalako. Mumekumbuka. Wiki moja nyuma, chanjo ilikuwa imeanza Mangina. Majeep yalijaa barabarani, mahema ya matibabu yakasimama, wagonjwa wakatunzwa bure. Mpaka ugonjwa ulipotangazwa umeisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 2 287 walikuwa wamekufa, na tunawalilia hata leo. Lakini tulijifunza jambo moja: kumbe dawa ya baridi kali inaweza kufika Mangina. Kumbe barabara mbaya haizuii kitu wakati wakubwa wameogopa. Ebola ilikuwa inaweza kupanda ndege na kufika kwao. Kansa ya mutoto wa mulimaji inabaki ndani ya nyumba yake, haitishi mutu mwingine. Ndiyo maana hakuna jeep.

Hatuombi mahema. Katiba ya inchi yetu, kifungu cha 47, inasema haki ya afya imehakikishwa. Aprili 2001, kule Abuja, marais wa Afrika waliahidi kutoa asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Kongo bado iko mbali na hiyo hesabu. Na toka 2022 Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, jumuiya ambayo imechagua Taasisi ya Kansa ya Uganda kuwa kituo chake cha mufano kwa ugonjwa huu. Tuliambiwa jumuiya ni soko na biashara. Mutoto wa Mabalako naye yuko ndani ya jumuiya, ao yeye anabaki mugeni?

Kwa hiyo tunadai hivi:

1. Wizara ya Afya na wakubwa wa jimbo wafundishe wauguzi wa vituo vyote vya afya, na wale wanaong'oa meno, kutambua dalili za kansa ya watoto: taya ao tumbo linalovimba haraka, jicho linalotoka inje, meno yanayolegea bila sababu. Mutoto wa namna hiyo asing'olewe jino, apelekwe hospitali kubwa siku ile ile.

2. Dawa za msingi za limfoma ya Burkitt ziwekwe katika hospitali kubwa za Beni na Butembo, pamoja na wanganga waliofundishwa kuzitoa, ili mutoto akianzia Kampala aweze kuendelea karibu na nyumbani. Barabara ya Goma imekatwa na vita, Kinshasa ni ndege. Hatuwezi kuendelea kumuambia mulimaji kwamba hospitali yake iko inchi ingine.

3. Serikali iandikiane na Uganda juu ya watoto wagonjwa wa mupakani: wapokelewe kwa bei ya wenyeji, na Kongo ilipe kile kinachobaki.

4. Utawala wa kijeshi, unaotuongoza toka Mei 2021, utoe amri wazi kwa bariere zote mpaka Kasindi: mutoto mwenye karatasi ya hospitali na muzazi wake wapite bila kulipa kitu, wakienda na wakirudi.

Hayo ni ya serikali, na hatutachoka kuyadai. Lakini mutoto mwenye tarehe ya munganga juma lijalo hawezi kungoja wizara. Kwa hiyo nasi vijana tujipange, kila mutaa.

Kwanza, kila muchango wa mutoto mwenye kansa uwe na mutu mumoja wa tarehe. Kazi yake ni daftari moja tu: mutoto anarudia lini, amebakiza mizunguko mingapi, franga ya safari ijayo iko wapi. Tusitumie yote kwa safari ya kwanza. Toka siku ya kwanza tugawanye muchango kwa mara sita.

Pili, hesabu itangazwe ku groupe kila juma: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Watu wa hapa wameisha kuona franga nyingi za misaada zikipotea machoni pao. Wakiona hesabu, watatoa tena.

Tatu, muchango usiwe franga tu. Mama akienda Kampala miezi mitatu, nani anapalilia shamba lake? Nani anapikia wale wane waliobaki? Kijana asiye na franga yuko na jembe, yuko na moto ya kubeba maji, yuko na damu ya kutoa wakati mutoto amepungukiwa. Wamama wa likelemba walituonyesha njia: mama mumoja aliyekuwa na zamu ya kupokea alimupatia mama wa mutoto zamu yake.

Ine, tuache kungoja picha ya kutisha ndipo tuguswe. Mutoto anayehitaji zaidi muchango wako ni yule ambaye shavu lake limeshuka na ambaye bado hajamaliza dawa.

Wandugu, tuseme na lile neno la mjomba, kwa sababu litasikika tena katika kila nyumba: "Ameisha pona, munarudia kufanya nini?" Jibu tujifunze wote, na tulifundishe shuleni, kanisani, musikitini, ku parking ya moto: "Tunarudia kumaliza."

Na wewe unayesoma hapa, fungua simu yako. Tafuta ile picha uliyoipita mwezi uliopita. Piga ile namba, uulize swali moja la yule dereva wa moto: mutoto anarudia lini?

Vijana raia wa Mabalako