Si Msitu Uliobomoa Hospitali

Picha hizo hazikosekani kwenye simu za watu wa Kisangani, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wa nyumbani na wa ng'ambo: wodi isiyo na paa, kitanda cha chuma kilicholiwa na kutu, vigae vyeupe vimebanduka ukutani, mzizi wa mti umeingilia dirishani. Mara ni kituo cha utafiti cha Yangambi, mara ni majengo ya kampuni kandokando ya mto huko Basoko. Maoni yanayofuata hayabadiliki: Mwafrika hajui kutunza, Wazungu wangebaki tungekuwa mbali.

Imani hiyo ni ya uongo, na inawaumiza wanaoirudia.

Katika eneo la Basoko kuna Lokutu, ambayo zamani iliitwa Elisabetha. Ilikuwa mojawapo ya sehemu tano za mawese ambazo Ubelgiji, iliyokuwa ikiitawala Kongo, ilimkabidhi William Lever, tajiri wa sabuni wa Uingereza, kwa mkataba wa tarehe 14 Aprili 1911. Mkataba huo ulimtaka ajenge hospitali na shule katika kila sehemu. Kwa hiyo hospitali haikuwa zawadi. Walioigharimia ni watu waliokwea michikichi kukata mashada ya ngazi kwa ujira duni, wengi wao kwa kulazimishwa. Anayetamani zama zile kwa sababu ya ukuta uliopakwa chokaa anatamani na kazi ile pia, ajue asijue.

Na madaktari je? Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ilipata uhuru bila kuwa na daktari Mkongo hata mmoja. Walikuwapo wasaidizi wa tiba, watu wenye ujuzi na uzoefu, lakini ukoloni haukuwafungulia njia ya kufika kwenye udaktari. Jeshi lilipoasi mwezi uliofuata, madaktari wengi wa Kibelgiji waliondoka. Ikabidi Shirika la Afya Duniani liwapeleke makumi ya wasaidizi hao Ufaransa wakamalizie masomo, na baada ya miaka michache walirudi wakiwa madaktari kamili. Uwezo walikuwa nao siku zote. Walichonyimwa ni nafasi.

Yaliyofuata yana tarehe zake. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kutaifisha biashara na mashamba ya wageni, na mengi yakaangukia mikononi mwa vigogo waliovuna bila kupanda. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana katikati ya Kisangani. Umoja wa Mataifa uliandika kwamba nyumba zaidi ya 400 za raia ziliteketezwa, na kanisa kuu la Notre-Dame, shule na hospitali zikaharibiwa vibaya. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vyake nchini humo. Mbele ya ukuta uliotobolewa na kombora, kumlaumu mwenyeji kwa uvivu ni dhuluma.

Jengo la matofali huanza kufa kwenye bati. Bati likitoboka, mvua ya jimbo letu la Tshopo, ambayo haina likizo ndefu, huingia kwenye kenchi. Mchwa hufuata, paa linabonyea, ukuta unalowa, na hapo ndipo mti unapoota. Msitu hufika mwisho kabisa. Kinachotakiwa kuuzuia ni bati jipya, misumari na mshahara wa fundi, yaani fungu la bajeti. Huko Abuja, Aprili 2001, viongozi wa Afrika waliahidi kuipa afya asilimia 15 ya bajeti zao. Kongo haijafika hapo. Hilo ni kosa la watawala wetu, tena kosa zito, nao waulizwe kwa majina. Tukisema ni tabia ya Mwafrika, tumewasamehe wote kwa pamoja.

Tena magofu hayako Afrika tu. Mjini Detroit, Marekani, kituo cha treni cha Michigan Central kilifungwa mwaka 1988, na wapiga picha wakamiminika kwenye magofu yake. Watu waliuliza viwanda na fedha vimekwenda wapi; hawakusema Mmarekani hajui kutunza. Kampuni ya Ford ilikinunua mwaka 2018, ikakikarabati, na mwaka 2024 kikafunguliwa tena.

Yangambi nako kazi haijakoma. Kituo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1933 bado kina hazina kubwa ya mimea iliyokaushwa, na tangu 2020 msituni umesimama mnara wa mita 55 unaopima kaboni inayoingia na kutoka, wa kwanza wa aina yake katika Bonde la Kongo. Wapiga picha wanapenda zaidi dirisha lililovunjika.

Atakayesambaza picha nyingine ya wodi iliyobomoka aandike chini yake mmiliki alikuwa nani, mshahara wa mwisho ulilipwa lini, na mjamzito wa kijiji hicho leo anapiga kasia kwa saa ngapi hadi kwa mkunga. Kisha amtumie mbunge wake, kabla bajeti haijapigiwa kura.