ASIYEHESABIWA HAGAWIWI

MAONI YETU

Pita Gerezani, Dar es Salaam, saa nne asubuhi. Nyundo na cheche za kuchomelea zitakupokea kabla hujauliza bei. Mteja akileta mashine ya ng'ambo iliyokosa kipuri, kijana wa pale hukichonga mwenyewe kutoka chuma chakavu, na mara nyingine akakiongezea unene ili kihimili kazi za kwetu. Huo ni ubunifu. Swali letu ni moja tu: katika hesabu za Taifa umeandikwa wapi?

Kila mwaka Shirika la Miliki Ubunifu Duniani hutoa orodha ya nchi zinazoongoza kwa ubunifu. Uswisi imeshika namba moja tangu 2011. Orodha ya 2024 ilikuwa na nchi 133, zikipimwa kwa vigezo karibu 80: fedha za utafiti, hati za kulinda uvumbuzi, makala za kisayansi, mauzo ya teknolojia ya juu na kadhalika. Nchi ndogo isiyo na takwimu za kutosha huachwa nje kabisa.

Hatusemi kipimo hicho ni cha uongo. Kwa wenye maabara kinafaa. Lakini fundi wetu hana maabara, haandiki makala, na hati ya uvumbuzi hana fedha wala muda wa kuifuatilia. Kwa rula hiyo yeye ni sifuri. Ulaya nako, uchunguzi wao wa ubunifu kwa kawaida huanzia kampuni yenye wafanyakazi 10. Hapa kwetu, Sera ya Viwanda Vidogo ya 2003 inasema shughuli ndogo kabisa ni ya watu wasiozidi wanne, na hesabu ya 2012 ilikuta biashara ndogo na za kati zaidi ya milioni 3, nyingi mno zikiwa za namna hiyo. Tukiazima rula ya Ulaya, Gerezani yote inafutika!

Kinachoudhi ni kwamba dawa ipo. Mwongozo wa Oslo, ambao wataalamu wa nchi tajiri wameutumia tangu 1992, unakubali kwamba jambo likiwa jipya kwa kampuni yenyewe, na likaingia sokoni au likaanza kutumika, ni ubunifu, hata kama jirani alishalifanya. Kipuri cha fundi wetu kinaingia humo bila kubembeleza mtu.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya wasomi. Sivyo. Ni mambo ya ugali. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo, vijana wakiwa na fungu la asilimia 4. Mwaka 2023 Serikali iliisitisha mikopo hiyo kufuatia kelele za madeni yasiyolipwa na vikundi hewa, ikaja kuirejesha 2024. Jamani, hewa iliandikwa kwenye madaftari, lakini mwenye tindo mkononi hakuna aliyemwuliza ametengeneza nini!

Sisi tunasema, kila halmashauri ipeleke makarani kwenye karakana na maswali manne. Kwa miaka mitatu iliyopita umefanya jambo gani jipya? Limeuzika? Limepunguza gharama kiasi gani? Umeajiri wangapi kwa sababu yake? Majibu yabandikwe ukutani kata kwa kata, na mkopo ufuate majibu, siyo kadi ya chama tawala wala ujamaa na diwani.

Nawe kijana, usingoje karani. Nunua daftari, andika ulichobuni, tarehe na bei. Mheshimiwa akishuka kwenye shangingi kuomba kura, mfungulie ukurasa wa kwanza, umwulize yeye kwenye daftari lake ameandika nini juu yako.