Maji Hufuata Mkondo: Kompyuta na Uchenjuaji wa Dhahabu

Katika mikoa ya Shinyanga na Geita, mchanga uliokwisha kuchenjuliwa kwa zebaki hautupwi. Wachimbaji wadogo huuita marudio, nao bado una dhahabu. Hupakiwa katika matangi na kumwagiwa maji yenye sianidi, ambayo hupenya taratibu hadi chini huku yakiyeyusha dhahabu iliyosalia. Maji hayo hupitishwa katika mkaa maalumu, aghalabu wa vifuu vya nazi, unaoinasa dhahabu hiyo. Hatimaye mkaa hujazwa katika mnara wa chuma, na kimiminika cha moto hupitishwa humo ili kuing'oa.

Kwa mwanafizikia, tangi na mnara ni ndugu: vyote ni vyombo vilivyojazwa chembe, na kimiminika hupita katika nafasi zilizo baina ya chembe hizo. Mtu hawezi kuchungulia ndani akaona kinapita wapi. Je, kompyuta yaweza kutuonyesha? Yaweza. Hata hivyo, maoni yangu ni kwamba kabla ya kuiuliza kompyuta hatuna budi kuuhoji mchanga wenyewe.

Wahenga walisema, maji hufuata mkondo. Udongo laini ukiziba upande mmoja wa tangi, maji hukimbilia upande ulio wazi, na sehemu kubwa ya mchanga hukaa bila kuguswa. Mwenye tangi asiyelijua hilo huongeza sianidi. Sumu inaongezeka, dhahabu haiongezeki, na hatari kwa watu, mifugo na vijito inakua.

Mwaka 1856 Mfaransa Henry Darcy, aliyeshughulikia maji ya mji wa Dijon, alionyesha kwamba mwendo wa maji katika mchanga huenda sawia na tofauti ya kanieneo inayoyasukuma. Baadaye ilifahamika kwamba kipenyo cha chembe kikipungua kwa nusu, ukinzani huongezeka mara nne. Nafasi wazi zikipungua kutoka asilimia 40 hadi 30, chembe zikiwa zile zile, maji yapitayo hupungua hadi chini ya theluthi moja ya yale ya awali. Mwaka 1952 Sabri Ergun alitoa mlinganyo unaofaa pia kwa mwendo wa kasi.

Kompyuta hukigawa chombo katika vijisehemu maelfu kwa maelfu. Katika kila kimoja hulinganisha kinachoingia na kinachotoka, na hurudia hesabu hadi zote zikubaliane. Mwaka 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Leo mambo ni tofauti kabisa. Programu ya OpenFOAM, kwa mfano, hutolewa bila malipo tangu mwaka 2004, na mafunzo yake ya mwanzo yaweza kufanyika kwa kompyuta ya kawaida.

Basi kikwazo si mashine tu. Kompyuta haijui marudio ya Geita yana udongo laini kiasi gani, wala mchanga wa Kahama ukishindiliwa hubakiza nafasi wazi kiasi gani. Ikipewa tarakimu za mchanga wa nchi nyingine, itatoa picha ya kupendeza ya tangi ambalo halipo kwetu. Mtu akiiamini picha hiyo, atapoteza fedha na pengine atachafua kisima cha jirani.

Kwa hiyo nawasihi walimu wa fizikia waanze na bomba la plastiki, kitambaa cha kuchujia, saa, na mchanga wa mto uliooshwa na kuchekechwa. Watumie maji safi peke yake; sianidi na marudio visiguswe kamwe na wanafunzi. Wanafunzi wapime maji yanayopita kwa dakika moja, kwanza katika mchanga mnene, kisha katika mchanga laini, kisha katika mchanganyiko wa yote mawili. Wachore grafu, na waulize kwa nini mchanganyiko huo huzuia maji kuliko walivyotazamia.

Mwanafunzi aliyekwisha kupima hivyo ataiendea kompyuta akiwa na swali lake mwenyewe na tarakimu za mchanga wa kwao. Mtaalamu wa namna hiyo ndiye anayehitajika katika machimbo yetu, na malezi yake huanzia darasani.