Chunusi zangu, vidonge vyangu, na swali nililoona aibu kumuuliza wifi

SEHEMU YA 1: USO WANGU

Mama zangu, dada zangu, na nyie kina baba mnaosomaga kimya kimya bila kukomenti. Nawaona.

Tangu niandike ile ya homa za watoto, meseji nyingi zinazoingia ni za chunusi. "Nesi, binti yangu hataki kwenda shule sababu ya uso, nimpakae nini?" "Nesi, nimejifungua miezi minne iliyopita, uso umeharibika, kuna vidonge nimeambiwa vinamaliza kabisa, ninywe?" Nikaona nisijibu mmoja mmoja. Leo ni ndefu kidogo, ina sehemu tano. Kama una mimba, unanyonyesha au unategemea kushika mimba, anza na sehemu ya 3 halafu urudi hapa.

Nianze na mimi mwenyewe. Chunusi zilinianza nikiwa kidato cha pili. Siyo vile vipele viwili vya kabla ya hedhi, hapana. Yale makubwa ya ndani, yana usaha, yanauma hata ukilalia shavu. Nyumbani niliambiwa ni damu chafu, ni mafuta ya karanga, ni ujana utapita. Bibi yangu akasema nikiolewa zitaisha. Nimeolewa, nimezaa, hazikuisha!

Chuoni, mwaka wa pili wa diploma, rafiki akanipeleka kwa dada mmoja anayeuza kikopo cha krimu aliyochanganya mwenyewe. Mkorogo, tuseme ukweli. Wiki mbili uso ukawa laini kama wa mtoto. Nilifurahi nikapiga picha kila siku. Nilipoacha, jamani! Chunusi zilirudi na wenzake. Uso ukawa mwekundu, unawaka nikipita juani, na vinywele vikaanza kuota mashavuni. Niliogopa kuuacha, nikaurudia. Nikauacha, ukanikomoa tena. Hivyo hivyo karibu mwaka mzima.

Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, nasoma famakolojia darasani, jioni napaka kitu nisichokijua jina. Ndiyo maana sikucheki ukiniambia na wewe umepaka.


SEHEMU YA 2: NILICHOJIFUNZA KWA DAKTARI WA NGOZI

Nilipoanza kazi ndipo nikamwona daktari wa ngozi. Aliangalia uso kidogo tu akaniuliza, "Ulipaka krimu ya steroidi muda gani?" Kumbe kwenye mikorogo mingi kuna dawa kama betamethasoni au klobetasoli. Hizo ni dawa halali kabisa kwa pumu ya ngozi na magonjwa mengine, kwa muda na kwa kipimo. Lakini ukizipaka usoni miezi mingi, ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, na zenyewe zinaleta chunusi. Unatibu chunusi kwa kitu kinacholeta chunusi.

Hapo ndipo nilipojua chunusi zinatibiwa kwa ngazi, hazirukwi.

Kwanza kuna za kupaka. Benzoili peroksaidi inapunguza bakteria. Inakausha, na itakufubazia taulo na mto, kwa hiyo tumia taulo nyeupe, usiilie khanga yako mpya. Kuna adapalini, inazuia vinyweleo kuziba, inapakwa usiku. Kuna asidi ya azelaiki, inasaidia chunusi na pia madoa meusi yanayobaki, na sisi wenye ngozi nyeusi madoa ndiyo yanayotuliza zaidi kuliko chunusi zenyewe.

Halafu kuna vidonge vya antibayotiki, hasa doksisaiklini. Mimi nilipewa miezi mitatu pamoja na benzoili peroksaidi, kwa sababu antibayotiki peke yake inawafundisha wadudu usugu. Doksisaiklini inywe na glasi nzima ya maji, usilale papo hapo, maana ikikwama kooni inaunguza. Jua nalo litakuchoma upesi. Na haitumiki kwa mjamzito wala kwa watoto wadogo.

Kitu kikubwa ambacho hakuna aliyewahi kuniambia ni MUDA. Dawa za chunusi zinahitaji wiki nane mpaka kumi na mbili ndipo useme zimefanya kazi au zimeshindwa. Sisi tunapaka siku tano, tunatupa, tunanunua nyingine. Mkorogo unatushinda hapo tu: unatoa jibu ndani ya wiki mbili. Ni jibu la uongo, lakini linakuja haraka.

Uso wangu ulipungua, haukupona. Makovu yalikuwa yanazidi. Ndipo daktari akataja isotretinoini.


SEHEMU YA 3: HII DAWA NI NINI

Mnaisikia sana mitandaoni, wengine mnaiita "vidonge vya kumaliza chunusi". Isotretinoini ni ndugu wa vitamini A. Inapunguza sana mafuta ya ngozi. Ilianza kuruhusiwa Marekani mwaka 1982, na kwa chunusi kali zilizoshindikana hakuna dawa nyingine inayofanana nayo. Watu wengi wakimaliza dozi, mara nyingi miezi minne mpaka sita au zaidi kidogo, wanakaa miaka bila chunusi. Mimi ni mmoja wao. Siisemi vibaya, iliniokoa.

Lakini ikinywewa na mwanamke mwenye mimba, inaweza kumharibu mtoto vibaya sana. Masikio, uso, moyo, ubongo. Inaweza pia kutoa mimba. Na siyo lazima uwe umekunywa miezi; hata kwa siku chache hatari ipo. Marekani walipoona watoto wanaendelea kuzaliwa na matatizo, mwaka 2006 wakaanzisha mpango wa lazima: mwanamke anayeweza kushika mimba hapewi dawa bila vipimo vya mimba, na kila mwezi anapima tena ndipo apewe nyingine.

Kwa hiyo mwanamke anayeinywa lazima azuie mimba kwa njia ya uhakika mwezi mmoja kabla ya kuanza, muda wote wa dozi, na mwezi mmoja baada ya kidonge cha mwisho. Hainywewi ukinyonyesha. Usichangie damu mpaka mwezi upite, na hili linawahusu na kina baba, maana damu ile inaweza kwenda kwa mjamzito. Usiichanganye na doksisaiklini wala ndugu zake, presha ya ndani ya kichwa inaweza kupanda. Kabla ya kuanza na katikati ya dozi unapimwa damu, ini na mafuta. Midomo itakauka mpaka ipasuke, karibu kila mtu. Ukiona huzuni isiyo ya kawaida, mwambie daktari mapema.

Mimi nilisubiri mwanangu aache kunyonya. Nilikuwa nimeweka kitanzi, na daktari akatuambia mimi na mume wangu tutumie na kondomu. Kila mwezi nilipima mkojo kabla ya kupewa dawa. Mwanzoni niliona ni usumbufu. Nafanya kazi hospitali, najijua mwili wangu, kila mwezi kikopo cha mkojo cha nini? Sasa soma sehemu ya 4.


SEHEMU YA 4: WIFI YANGU

Mwishoni dozi yangu ilipunguzwa, nikabaki na vidonge kumi na vinne. Nikaviweka kwenye droo ya kabati. Sikuvirudisha duka la dawa, sikuvipeleka kazini viteketezwe. Dawa ni hela, nani anatupa?

Wifi yangu, mdogo wa mume wangu, alikuwa na miaka ishirini na miwili. Alikuja kwetu na mama mkwe kwa ajili ya maandalizi ya sherehe ya ukoo. Ana chunusi kama zangu za zamani. Akanikuta jikoni, akaniangalia uso, akasema, "Wifi, umefanyaje jamani? Nipe na mimi hiyo dawa yako, nionekane mtu kwenye picha."

Nikampa. Vyote kumi na vinne. Nikamwambia anywe kimoja kwa siku baada ya chakula, apake mafuta mdomoni.

Swali la mimba nilikuwa nalo. Lilifika hapa mdomoni. Lakini mama mkwe alikuwa sebuleni, mlango wazi. Wifi hajaolewa. Nikimuuliza "unaweza kuwa na mimba?" itaonekana namtuhumu, na mama akisikia itakuwa kesi ya familia. Nikalimeza. Mimi, nesi, ambaye nauliza swali hilo wodini bila kupepesa jicho.

Wiki ya tatu, saa nne usiku, meseji: "Wifi usimwambie mtu. Siku zangu zimepitiliza."

Sikulala. Asubuhi nilimpitia, tukapima mkojo: hakuna mimba. Lakini kipimo cha mapema sana kinaweza kukosea, kwa hiyo nikamwambia tutarudia baada ya wiki. Wiki ile nilikuwa naingia kazini, namshika mtoto mchanga, namwangalia masikio. Mume wangu ananiuliza una nini, nasema nimechoka. Tukapima tena, hakuna. Siku ya pili yake akapata hedhi. Siku tisa jumla.

Nikamwomba msamaha. Akaniambia kitu ambacho ndicho kimenifanya niandike leo: "Wifi, ungeniuliza tungekuwa peke yetu ningekwambia ukweli, na nisingevinywa."

Tatizo halikuwa kwamba hakujua. Tatizo ni mimi sikumpa nafasi ya kusema.


SEHEMU YA 5: NINACHOWAOMBA

Sasa nije kwenye hoja yangu, na najua wengine mtanikasirikia.

Kliniki tunapata mama analeta binti wa miaka kumi na sita, kumi na saba, chunusi kali kweli. Daktari akifikiria dawa ya namna hii, lazima binti aulizwe kuhusu hedhi, kuhusu mwenza, na apimwe mimba. Mama anawaka: "Mwanangu ni mwanafunzi, unamuuliza hayo ya nini? Mnawafundisha uhuni!" Binti anainamisha kichwa. Na akiulizwa mbele ya mama atajibu nini? "Sina." Kila binti atajibu "sina", aliye naye na asiye naye. Jibu lile halina kazi.

Mama, nakuelewa. Na mimi nina mtoto wa kike. Lakini swali la mimba siyo tuhuma, ni sehemu ya dawa, kama ile ya kuinywa baada ya kula. Tunamuuliza mke wa mtu, tunamuuliza mtu wa kanisani, tunamuuliza aliyevaa hijabu, aliyeweka kitanzi tunampima pia. Mimi nilipimwa kila mwezi. Kumuuliza binti hakumfundishi jambo. Kutomuuliza ndiko kunakoweza kumpa dawa ya hatari mikononi.

Kwa hiyo naomba dakika tano. Toka nje, kaa kwenye benchi, mwache binti na nesi. Ukirudi, maelezo yote ya kunywa dawa tutakupa. Na kama binti hayuko tayari kwa dawa hii, hajakosa tiba. Benzoili peroksaidi na asidi ya azelaiki kwa kawaida daktari anaweza kuziruhusu hata kwa mjamzito.

La pili, dawa yenye jina lako ni yako. Usimpe dada, wifi, shoga wala dada wa kazi. Ikibaki, irudishe duka la dawa au hospitali. Na ukiuziwa isotretinoini bila kuulizwa kuhusu mimba, bila kupimwa damu, wala hakuna daktari aliyekuona, usiione ni bei nzuri. Ondoka.

La tatu, chunusi kali ni ugonjwa. Siyo uchafu, siyo uhuni, siyo "utakua zitaisha". Zinaacha kovu usoni na zinaacha kovu moyoni. Mtoto anayekataa shule sababu ya uso anaumwa, mpeleke. Hatuna madaktari wengi wa ngozi, ni kweli, lakini siyo lazima uanzie kwa bingwa. Pale KCMC Moshi kuna kituo kinachofundisha magonjwa ya ngozi tangu mwaka 1992, na waliosoma pale siyo madaktari tu, wapo na matabibu. Ulizia hospitali ya wilaya au ya mkoa kama kuna kliniki ya ngozi na ni siku gani.

Kama uko kwenye dozi sasa hivi na siku zimepitiliza: acha vidonge leo, nenda kapime, mwambie daktari jina la dawa na siku uliyoanza. Usijifiche. Aliyekunywa bila kujua hana kosa la kuona aibu. Aibu tulikuwa nayo sisi tuliotakiwa kuuliza.

Mimi siyo daktari, ni nesi mwenye diploma na uso uliopona. Kipimo cha dawa sitakupa inbox, usiniombe. Ila ukitaka kujua umwulize nini daktari, andika hapo chini nitajibu nikitoka zamu ya usiku.

Wifi amesoma hii kabla sijaiweka, na amekubali. Amesema niongeze kwamba sasa anapaka adapalini usiku, ana wiki ya kumi, na uso unaanza kumsikiliza.